Rufaa ya figo kwa mwenye kisukari: yaliyotukuta na baba

Daftari la kliniki la baba lina namba tatu za kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo hutakiwa kuichuja, kila moja imeandikwa na mkono tofauti: 118, halafu 1.8, halafu 212. Ukizisoma haraka utadhani figo zilikuwa na hitilafu, zikapona, kisha zikaharibika ghafla. Haikuwa hivyo. Maabara ya kwanza na ya tatu zilitoa majibu kwa maikromoli kwa lita, na ya pili, ambayo ni ya binafsi, kwa miligramu kwa desilita. Kubadilisha ni kuzidisha kwa 88.4, kwa hiyo ile 1.8 ni sawa na 159. Ukizipanga upya unapata 118, 159, 212. Zilikuwa zinapanda mfululizo kwa miaka mitatu, mbele ya macho yetu na ya kila aliyefungua lile daftari, na hakuna aliyeliona hilo.

Naandika kwa ajili ya familia zenye mzee wa kisukari nyumbani, na kwa waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya pia, kwa sababu rufaa huanzia mezani kwenu. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwetu ni Irangi, kaskazini mwa mkoa wa Dodoma. Amekuwa na kisukari cha aina ya pili tangu kabla hajastaafu, na presha ikafuata baadaye. Mimi ni binti yake wa pili, naishi jirani naye, na ndiye ninayesafiri naye.

Ile 118 ya kwanza ilikuwa ndani ya kiwango kilichochapishwa pembeni mwa karatasi ya majibu, kwa hiyo ikaitwa nzuri. Baadaye daktari bingwa alituonyesha kwamba kreatinini peke yake haisemi yote. Inabidi iingizwe kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia ya mgonjwa ndipo upate kiwango cha uchujaji wa figo. Kwa baba, akiwa na miaka 63, ile 118 ilikuwa uchujaji wa karibu 60. Ile 159 ilikuwa 41. Ile 212 ilikuwa 29. Wengi huzichukua hizi kama asilimia za uwezo wa figo, na kwa matumizi ya nyumbani si mbali na ukweli. Uchujaji ukikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa sugu wa figo. Ukishuka chini ya 30, mgonjwa anatakiwa awe ameshaonana na bingwa. Kushuka kwa kasi nako ni sababu ya rufaa hata kama namba yenyewe bado haijafika chini, na baba alikuwa amepoteza nusu ya uchujaji wake kwa miaka mitatu. Hesabu yenyewe inafanyika kwenye simu kwa nusu dakika. Kila nikilikumbuka hilo naumia.

Kilichotufumbua macho ni sukari kushuka, na hapa naomba msome taratibu.

Kwa miezi kadhaa sukari ya baba ilikuwa imetulia ajabu. Mtu aliyezoea kusoma 13 na 14 (milimoli kwa lita) asubuhi akaanza kusoma 6, kisha 5, bila kubadilisha chakula wala dawa. Alikuwa anameza vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, vilevile vya miaka yote. Nyumbani ilikuwa furaha tupu. Mama alimshukuru Mungu, majirani wakauliza anatumia dawa gani ya mitishamba. Alfajiri moja mama akanigongea dirisha: "Njoo umuone baba yako, haeleweki anachosema." Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho, vidole vinahangaika kufunga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Aliniita kwa jina la shangazi yangu. Kipimo kilisoma 2.3. Tulimnywesha chai yenye sukari nyingi akarudi kwenye akili zake, lakini ilipofika saa sita mchana, tukiwa tumeshafika kituo cha afya, ikashuka tena.

Afisa tabibu aliyekuwa zamu, dada mmoja kijana, alimlaza na kumwekea dripu ya sukari mpaka kesho yake. Ndiye aliyesema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba figo husaidia kuondoa insulini na dawa za sukari mwilini, na zikichoka, kidonge cha jana kinaendelea kufanya kazi leo. Glibenklamidi ndiyo sumbufu zaidi kwa wagonjwa wa namna hii. Aliisimamisha palepale, akaagiza kreatinini na kipimo cha mkojo. Ikatoka ile 212, na kijiti cha mkojo kikaonyesha protini nyingi. Kwa hiyo, mwenye kisukari cha miaka mingi akianza kupata sukari nzuri pasipo sababu, msisherehekee kwanza. Mpelekeni akapimwe figo.

Siku ya kupewa rufaa tulimkuta mtoa huduma mwingine. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: jina, umri, kisukari, figo, aonwe kwa matibabu zaidi. Nilirudi kwa mganga mfawidhi nikamwomba kwa heshima aiongezee maelezo, nikamfungulia daftari la baba. Hakukasirika. Alikaa akaandika upya: kisukari cha tangu lini, kreatinini zote tatu kwa kipimo kimoja na tarehe zake, presha za miezi sita ya mwisho, dawa zote na dozi zake, ile sukari ya 2.3 na kilichofanyika, protini kwenye mkojo, na swali analotaka bingwa alijibu. Ile barua ndiyo iliyotusaidia kuliko kitu kingine chochote. Kule Dodoma daktari aliisoma yote kabla hajamgeukia baba, na mazungumzo hayakuanzia sifuri. Mgonjwa aliyetangulia mbele yetu alifika na bahasha yenye mstari mmoja, na kutokana na maswali tuliyokuwa tunayasikia mlangoni, miaka yake yote ilikuwa inakusanywa upya kutoka kwenye kumbukumbu zake.

Kwa mwenye kadi ya bima kuna jambo lingine dogo linaloweza kukurudisha nyumbani: fomu ya rufaa iwe imejazwa kikamilifu, imesainiwa na kupigwa muhuri, na ifuate ngazi. Yetu ya kwanza ilikosa muhuri. Tuliambiwa hivyo dirishani, baba akiwa amesimama kwa miguu iliyovimba tangu kwenye basi. Kagueni karatasi kabla hamjatoka getini mwa kituo kilichowapa rufaa.

Tulipewa wiki tatu kusubiri siku ya kliniki, na kipindi hicho ndugu walikuwa wengi na ushauri ulikuwa mwingi. Kuna aliyesema tusiende kabisa, maana "ukishapelekwa kwa daktari wa figo unawekwa kwenye mashine na hutoki." Mashine yenyewe ni ile ya kusafisha damu figo zikishindwa, na hofu hiyo ilimwingia baba. Alianza kutoa visingizio: goti linauma, mvua, pesa ya mbolea. Nilimwelewa. Wote tuliowahi kuwasikia wamepelekwa kwa bingwa wa figo walipelekwa wakiwa wamekaribia kukata pumzi, kwa hiyo mashine ndiyo iliyokuwa imebaki. Hatukuwa na hata mtu mmoja wa kumtolea mfano kwamba alienda mapema akapewa vidonge, akarudi shambani kwake. Ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Kuna na aliyetupeleka kwenye ultrasaundi mjini. Jibu likasema figo zina ukubwa wa kawaida, na baba akataka safari ifutwe. Bingwa alikuja kutueleza kwamba figo zilizoharibiwa na kisukari mara nyingi hubaki na ukubwa wake wa kawaida, hata huonekana kubwa, wakati uchujaji umeshapotea. Picha nzuri isiwazuie safari.

Tulifikia kwa baba mdogo, Dodoma mjini. Nilikuwa nimemwambia mama akusanye dawa zote za baba, na nikasisitiza zote, hata asizoziita dawa, tukazitia kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Daktari alikimimina kikapu mezani, akaanza kuokota kimoja kimoja. Vidonge vya presha, sawa. Metformini, isimame, kwa uchujaji chini ya 30 haifai tena. Halafu akashika pakiti ya diklofenaki.

"Mwalimu, hizi za nini?"

"Za goti, daktari. Nazimeza nikitoka shamba."

"Kila siku?"

"Siku za kazi tu."

Msimu wa kilimo, siku za kazi ni kila siku. Daktari alimweleza pole pole kwamba diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hubana damu inayoingia kwenye figo, na kwa mtu wa kisukari na presha ni kama kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kuchechemea. Atumie parasetamo, na goti litafutiwe njia nyingine. Kisha ikatoka chupa ya maji ya kahawia iliyonunuliwa stendi, iliyosifiwa kwamba inasafisha figo. Daktari hakumkemea. Alimuuliza ameitumia kwa muda gani, akaiandika kwenye faili, akamwomba aiache. Nadhani ni kwa sababu hakukemewa ndiyo maana baba alifunguka kumwambia na mengine, kwamba mkojo ulikuwa unatoa povu tangu zamani, kama sabuni, na alidhani ni uzee.

Kipimo cha mkojo walichokifanya kule si kile cha kijiti. Wanalinganisha albumini, ambayo ni aina ya protini, na kreatinini ndani ya mkojo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida, zaidi ya 300 figo zinavuja sana. Ya baba ilizidi 600. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa apimwe hivi na apimwe kreatinini kila mwaka, kuanzia siku anayogunduliwa ana kisukari. Baba alikuwa nacho miaka kumi na zaidi, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufanyiwa kipimo hicho. Walimpeleka na kitengo cha macho siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa midogo ya jichoni na ya kwenye figo huharibika pamoja. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kuvuja damu kidogo, na yeye hakujua.

Alipewa losartani, dawa ya presha inayolinda na figo, na dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya sukari lakini imethibitika kulinda figo na inaweza kuanzishwa hata kwenye uchujaji wa 20 na kitu. Sukari yenyewe akahamishiwa kwenye insulini kidogo. Losartani ilipatikana kwa kadi. Dapagliflozini tulinunua mfukoni, na bei ilitofautiana sana duka hadi duka, kwa hiyo ulizeni zaidi ya duka moja kabla ya kulipa. Jumlisha nauli za watu wawili, bajaji za mjini, chakula, na siku ambazo duka langu lilifungwa. Mwezi wa kwanza tuliuza mbuzi wawili. Wenye kadi pia huumia, na ni vizuri familia ikae ichangie kabla ya safari ya kwanza kuliko kutafutana kwa simu mkiwa foleni.

Kabla ya kutoka niliomba barua ya kurudi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenikumbusha, akisema wagonjwa wengi huondoka na vidonge tu, na kituo chao hakijui kilichoamuliwa. Mle ndani daktari aliandika dawa zilizosimamishwa na sababu, dozi mpya, na maagizo haya: baada ya wiki mbili kreatinini na potasiamu (madini yanayoweza kuzidi kwenye damu figo zikichoka) zipimwe hukohuko kwenu, kreatinini ikipanda isizidi asilimia 30 na potasiamu ikiwa sawa, losartani iendelee.

Wiki mbili zikapita, tukapima. 236. Mhudumu aliyetupokea alishtuka, akasema dawa ya Dodoma inaua figo, akachukua kalamu aifute. Nikamwonyesha barua. Kutoka 212 hadi 236 ni nyongeza ya kama asilimia 11. Potasiamu ilikuwa nzuri. Aliisoma mara mbili, akamwita mwenzake, wakaiacha dawa. Miezi mitatu baadaye ilikuwa 219. Bila ile karatasi baba angeachishwa dawa iliyokuwa inamlinda, kwa nia njema kabisa ya mtu aliyemhurumia.

Siku ile ya kliniki Dodoma, muuguzi aliyenikumbusha barua alimshika baba mkono wa kushoto, ambao hautumii kuandikia, akapitisha kidole kwenye mishipa yake. Akasema huu kuanzia leo usichomwe sindano ya damu wala dripu, wala usipimiwe presha ikiwezekana, utumieni wa kulia au mishipa ya nyuma ya kiganja. Kama siku moja mashine itahitajika, kwenye mkono huo ndipo wataunganisha mishipa kwa upasuaji mdogo, na muunganiko huo huchukua wiki hata miezi kukomaa. Anayefika amechelewa huishia kuwekewa mrija shingoni, na mrija huleta maambukizi kwa urahisi. Alipewa pia chanjo ya homa ya ini B. Baba siku hizi akiingia maabara hukunja mkono wa kulia kabla hajaulizwa.

Kuhusu chakula, nyumbani tulikuwa tumeshampiga marufuku kila kitu. Ndizi marufuku, maharage marufuku, nyama marufuku. Alikonda, akawa mpweke mezani. Mtaalamu wa lishe alirudisha vingi, akasema potasiamu yake ipo sawa, hakuna haja ya kukataza matunda yote, apunguze nyama bila kuiacha, na vita kubwa iwe ni chumvi. Kisha akamuuliza mama mlenda anaupikaje. Mama akasema na magadi, kama kila mtu kwetu. Kumbe magadi nayo ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Tulikuwa tumeficha kopo la chumvi huku tukimpa ugali wa uwele na mlenda wa magadi mara mbili kwa siku. Sasa mlenda wake unachemshwa kwenye sufuria ndogo peke yake, bila magadi, na analalamika kwamba unateleza vibaya, lakini anakula. Hakuna karatasi ya lishe niliyowahi kuiona inayotaja magadi, kwa hiyo ninyi wa Dodoma, Singida na Manyara, mtajieni mtaalamu mwenyewe.

Jambo lililomuuma zaidi ya dawa zote ni funga ya Ramadhani. Daktari alimwambia kwa uchujaji wake na insulini, kufunga ni hatari ya sukari kushuka na figo kukosa maji. Baba hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto. Alilia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Tulimwita sheikh wa msikiti wetu, akaja nyumbani, wakazungumza wawili peke yao, na baba akatoka akasema atatoa fidia, kulisha maskini kila siku ya mwezi. Mwenye mgonjwa wa namna hii aanze mazungumzo hayo mapema, mwezi usiwakute kwenye ubishi.

Tumeshazungumza na habari ya mashine na ya kupandikiza. Upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma mwaka 2018, na anayetoa figo ni ndugu. Kaka yangu mkubwa alisema yuko tayari. Baba alikataa, akasema mwenye watoto wadogo asiguswe. Hatujamaliza mjadala huo, na kwa sasa hatulazimiki kuumaliza, kwa sababu uchujaji umesimama kwenye 28 hivi na anaonwa kila miezi mitatu. Kaka naye alipopima alikutwa na presha ambayo hakuijua, kwa hiyo watoto wa mgonjwa pimeni pia, sukari, presha na mkojo.

Kwa wasio na bima: wenzetu tuliokaa nao kwenye benchi walikuwa wanalipa laki mbili na zaidi kwa kikao kimoja cha kusafisha damu, na vikao ni viwili au vitatu kila wiki, wiki zote. Kabla hujafika huko, kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya familia, nenda siku ya kwanza kabisa ya rufaa, kabla bili haijaandikwa. Mama mmoja wa Mpwapwa alienda nayo siku ya kwanza, vipimo vyake vikapata msamaha. Mwingine aliipeleka baada ya mumewe kulazwa wiki mbili, na akaanza kuzungushwa kati ya ofisi na ofisi.